Miembe ya Misheni kwa Macho ya Muuza Miche

Mteja mmoja mwenye kiwanja Mapinga alinijia kitaluni na simu mkononi. Kwenye simu kulikuwa na picha ya jumba la matajiri wa Uingereza: njia ndefu, miti mikubwa imejipanga kulia na kushoto, na mwisho wa njia nyumba ya mawe yenye madirisha yasiyohesabika. "Mama Miche, nataka hivi," akasema. "Bustani ya kivictoria." Nikamuuliza kiwanja kina ukubwa gani. Mita ishirini kwa thelathini na tano, na hapo nyumba ishachukua nusu.

Sikucheka, mteja hachekwi. Nilimuuzia miashoki kumi na minne, nikamwambia kama anataka kuona njia ya miti ya zama zile asihangaike na viza, apande gari la Bagamoyo. Hakwenda. Nikaenda mimi, maana maneno yangu mwenyewe yalinisuta. Mwaka wa kumi na moja huu nauza miche Bunju, kando ya barabara hiyohiyo ya Bagamoyo, na pale Misheni ya Bagamoyo nilikuwa sijakanyaga tangu darasa la sita, tulipopelekwa na mwalimu, tukaonyeshwa minyororo ya watumwa, tukapakiwa tena kwenye lori.

Hilo neno "kivictoria" tuliweke sawa kwanza. Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901, na katika miaka hiyo wenye mashamba makubwa kule walishikwa na wazimu wa mimea. Bustani ya mwenye nacho ilitakiwa iwe na njia ya miti ya kuingilia, pango la mawe la kutengenezwa, nyumba ya vioo ya kulelea mimea ya nchi za joto, na mti wa ajabu kutoka mbali wa kuwaringishia wageni. Meli ndizo zilizowezesha hayo, pamoja na kitu kimoja ambacho sisi watu wa vitalu tunakielewa haraka kuliko wengine. Zamani mche ukipanda meli ulikuwa maiti: chumvi, upepo, jua, na mabaharia wasiotaka kuupunguzia maji yao ya kunywa. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alikuwa amefungia pupa wa nondo ndani ya chupa yenye udongo mbichi, akaona mimea imejiotea humo ndani bila kumwagiliwa. Unyevu ulikuwa unapanda, unagonga kioo, unarudi chini. Akatengeneza kasha la vioo, na mwaka 1833 makasha yake mawili yakasafiri hadi Sydney, mimea ikafika mizima. Mimi nikishabebesha mwembe huwa nafunika kikonyo kwa mfuko wa nailoni, nafunga kwa kamba. Ni kasha la Ward hilohilo, la shilingi mia.

Bagamoyo hapakuwa na bwana wa Kiingereza mwenye jumba. Walikuwapo mapadre wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokwisha kutua Unguja, na mwaka 1868 wakavuka kuja bara kwa ruhusa ya Sultani Majid. Lakini zama ni zilezile na tamaa ya mimea ni ileile. Walichokianzisha kando ya bahari, kaskazini kidogo ya mji, kina njia ya miti, kina pango, kina mti wa ajabu, na mashamba yake yalipokea miche kutoka kisiwani na kuipeleka milimani. Ukitafuta bustani ya kale ya aina hiyo kwenye pwani yetu hii, hutapata iliyo karibu zaidi ya hiyo.

Niliondoka Bunju alfajiri, nikampitia mama mdogo Kerege. Yeye ni mzaliwa wa Dunda, ndani ya mji mkongwe wa Bagamoyo, na amekwisha kupita miaka sabini. Nilitaka kwenda na mtu aliyeijua miembe ile kabla ya vibao na tiketi. Nilipomwambia twende Misheni akaniangalia. "Kufanya nini huko, mwanangu? Umebadili dini?" Nikamwambia nakwenda kutazama miti. "Haya," akasema, "miti haina dini," akachukua kanga yake ya pili, mfuko wa karanga, tukatoka.

Ilikuwa mwisho wa Agosti. Kusi limelegea, na miembe ya pwani yote iko kwenye maua. Bodaboda alitushusha mwanzo wa njia, nikamwomba asitufikishe mbele, tutembee. Akashangaa: abiria amelipa nauli ya kufika mlangoni, anataka kushuka njiani.

Kwanza ni harufu. Ua la mwembe si ua la kunusa kwa makusudi. Likiwa moja huwezi kusema lina harufu gani. Likiwa maelfu juu ya kichwa chako, ni kama asali iliyoanza kuchacha. Nyuki wanalia juu huko mfululizo kiasi kwamba baada ya dakika tano husikii tena. Nilianza kuhesabu miti nikaacha, kwa sababu kuna mapengo pale mizee ilipokufa, na sikujua kama pengo lihesabiwe. Mashina yake watu wawili hatukuweza kuyakumbatia. Gome limepasuka vipande vya mraba kama tope la mbuga lililokauka, na kwenye mipasuko imeota jamii ya kangaga na vimelea vya kila namna. Matawi ya huku yamekwenda kushikana na ya kule, jua linashuka chini vipandevipande.

Nilitazama chini ya shina, pale ambapo mtu wa miche hutazama kwanza. Hakuna kovu la kuunga. Hii ni miembe ya mbegu. Mwembe wa kubebesha, huu ninaouza mimi kwa wenye haraka, unakuzalia mwaka wa tatu au wa nne, unabaki mfupi, mtoto anachuma akiwa amesimama. Mwembe wa mbegu unakuchelewesha miaka mingi, lakini unakwenda juu kama mnara na mzizi mkuu unashuka chini vilevile. Ndiyo maana hii imesimama tangu mwanzoni mwa miaka ya 1870 mpaka mwaka huu wa simu za picha.

Mzee mmoja alikuwa anafagia majani kwa fagio la njukuti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibuni."

Nikamuuliza ni embe gani hizi. "Za mbegu tu," akasema. "Ndogo, nyuzi tele, tamu. Zikianza kudondoka, watoto hawaendi shule."

Mama mdogo akacheka peke yake. Kumbe wao walikuwa wakitoka mjini kwa miguu kuja kuokota, na mlinzi wa siku hizo alikuwa na fimbo ndefu. "Tulikuwa tunaweka mmoja wa kulia," akanieleza. "Akikamatwa huyo analia kwa nguvu, mlinzi anashughulika naye, wengine tunajaza kanga." Nikamuuliza ni nani alikuwa wa kulia. Hakujibu.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo sijaiona kwenye kibao chochote. Udongo wa pale ni mchanga wa pwani, maji hayakai. Mche wa mwembe uliotoka kitaluni, kiangazi chake cha kwanza na cha pili, unataka ndoo moja angalau mara tatu kwa wiki, la sivyo unaungua majani na kufa. Tuseme miche ilikuwa mia moja tu. Ni ndoo mia tatu kila wiki, zitoke kisimani, zibebwe kichwani, zimwagwe taratibu zisichimbue mizizi. Kiangazi cha miezi minne kina wiki kumi na saba. Hizo ni ndoo elfu tano na mia moja kwa kiangazi kimoja. Padre hakubeba hizo.

Walizibeba watoto na vijana waliokombolewa utumwani, hakuna mikono mingine ya kutosha iliyokuwapo pale. Mapadre walikuwa wakiwanunua sokoni Unguja, na wengine waliletwa baada ya manowari za Waingereza kuwakamata kwenye majahazi. Wakafikia mamia. Walifundishwa kusoma, kuomba na ufundi, na walilima. Siku ilikwenda kwa kengele: kengele ya sala, kengele ya shamba, kengele ya chakula. Waliokua waliozeshwa wao kwa wao, wakapewa nyumba na kishamba katika kijiji cha waliokombolewa, na bado walidaiwa kazi za Misheni. Wapo walioushukuru utaratibu huo maisha yao yote, na wapo waliotoroka. Hayo yote mawili yameandikwa na mapadre wenyewe katika barua zao za kwenda Ulaya, na mimi sioni sababu ya kuchagua moja na kulificha la pili.

Haikuwa rahisi kwa yeyote. Kipindupindu kilipita pwani hii 1869 na 1870. Aprili 1872 kikaja kimbunga kilicholaza mikarafuu na minazi ya Unguja, na huku ng'ambo kikabomoa majengo ya Misheni. Wakaanza tena. Makaburi ya wamisionari yapo palepale, safu ya misalaba, na ukisoma umri wa waliolala humo utaona wengi hawakufika arobaini. Malaria haikujali kanzu. Hata hivyo wageni walipokelewa vizuri: mwandishi wa habari Stanley alipopita 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta msafiri Livingstone, aliandika jinsi mapadre walivyomkaribisha kwa mvinyo wa shampeni. Katikati ya Bagamoyo, kwenye joto lile! Mama mdogo aliposikia hilo alisema astaghfirullah, kisha akauliza waliipoza vipi.

Mbuyu uko mbele zaidi, karibu na majengo. Huu haukupandwa na mtu wa Misheni, waliukuta. Ndio mti wa ajabu wa bustani hii, na ajabu yenyewe imefichwa ndani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1868 Bibi Chevalier, Mfaransa aliyekuwa akiendesha zahanati Unguja, alizungusha mnyororo kwenye shina ili kumfunga punda wake, na mnyororo haukufunguliwa tena. Sasa zimebaki pete chache zinazochungulia nje. Niliinama nikaziangalia kwa karibu. Chuma kimekuwa rangi ya kahawia, kinachubuka kwa ukucha. Gome limekuja juu yake kutoka pande mbili, nene, laini, limejikunja kama midomo ya mtu mzee anayenyonya kipande cha muwa. Mbuyu hausukumi kitu. Unanenepa tu mwaka hadi mwaka, na gome lake lina tabia ambayo miti mingi haina: ukilibandua linaota upya. Mti mwingine ukifungwa mnyororo hivyo unaweza kukatika maji na kufa. Mbuyu unameza.

Kijana anayeongoza wageni akatuambia kwamba ukiuzunguka mbuyu unaongezewa miaka. Mama mdogo akazunguka mara moja, kanga mkononi, akaja kukaa kwenye kivuli. "Mara moja inatosha," akasema. "Nikiongezewa sana nani atanipikia?" Kisha, kwa sauti ya chini, akaniambia kwamba utotoni kwao mbuyu mkubwa haukuwa wa kuzungukwa ovyo. Ulipitwa kwa adabu, na watu wazima waliacha ubani na kaniki chini yake. Huu wa Misheni nao, anasema, kabla ya punda wa mtu yeyote lazima ulikuwa na wenyewe.

Pango nalo lipo, la Bikira Maria wa Lourdes, limejengwa kwa mawe. Ufaransa ya miaka ile ilijaa mapango ya namna hiyo, kama Uingereza ilivyojaa mapango ya bustani. La Bagamoyo halikujengwa ili wageni wa chakula cha jioni wapate pa kupunga upepo; ni mahali pa sala, na tulipopita palikuwa na mwanamke amepiga magoti, tukapunguza sauti.

Lakini bustani hii haikuwa ya kutazamwa tu. Ilikuwa kitalu, na hapa ndipo mimi niliposimama muda mrefu kuliko kwenye mnyororo. Mapadre wa mwanzo walifika Unguja kwa njia ya kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Wakaleta kahawa ya huko. Kutoka Bagamoyo misheni zao zilisambaa: Mhonda mwaka 1877, kisha Mandera na Morogoro katika miaka ya 1880, halafu Kilema huko Kilimanjaro, na Bura katika milima ya Taita. Waliotangulizwa bara mara nyingi walikuwa vijana wa kijiji kile cha waliokombolewa, mume na mke, pamoja na padre mmoja au wawili. Mbegu zilikwenda nao. Wakulima wa kahawa wa Kenya mpaka leo wana aina wanayoiita ya Misheni ya Kifaransa, na asili yake ni kahawa hiyo ya Bourbon iliyopita mikononi mwa hao hao. Mtu wa Nairobi anapokunywa kikombe chake asubuhi hajui kwamba kina ukoo Bagamoyo.

Vanila ina kisa kizito zaidi. Mvanila asili yake ni Mexico, na kule una wadudu wake wa kuuchavusha. Ukiupeleka kwingine unatambaa, unatoa maua, hauzai. Wataalamu wa Ulaya walihangaika nao miaka na miaka, hata wale waliopata njia hawakupata iliyo rahisi kwa mkulima. Mwaka 1841, huko Réunion, mtoto wa kitumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond aliipata. Ua la vanila lina kijiutando kinachotenga dume na jike. Unachukua kijiti chembamba, unakiinua kijiutando, unabonyeza kwa dole gumba, dume linagusa jike, basi. Ifanyike asubuhi, maana ua halikai zaidi ya siku hiyo. Utumwa ulipofutwa kule mwaka 1848 akapewa jina la pili, Albius. Alikufa maskini mwaka 1880, wakati visiwa vizima vimetajirika kwa dole gumba lake. Vanila nayo ililimwa na Misheni ya Bagamoyo, na kila ua lilihitaji mkono wa mtu. Mtoto aliyetoka utumwani Bagamoyo alikuwa anarudia asubuhi kwa asubuhi kitu kilichobuniwa na mtoto mwenzake wa kitumwa wa ng'ambo ya bahari. Sidhani kama kuna aliyemwambia.

Nilitafuta mvanila pale nikijua sitauona. Sikuuona.

Katika majengo kuna makumbusho, kwenye nyumba iliyokuwa ya masista. Humo mna picha, minyororo ileile ya darasa la sita, na maelezo ya kutosha. Kuna pia mnara uliobaki wa kanisa la kwanza, ambao watu huuita Mnara wa Livingstone. Februari 1874 mwili wa Livingstone ulilazwa hapo baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kwa miezi kutoka ndani kabisa, nchi iitwayo Zambia leo, ndipo ukapelekwa Unguja na hatimaye London. Moyo wake waliuzika kulekule chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana aliyekuwa ameokolewa utumwani na kusomeshwa India, akachonga maandishi kwenye shina. Baadaye kipande hicho cha mti kilikatwa kikapelekwa London. Kwa hiyo mti wenye jina walijua kuutunza. Kanisa kubwa la sasa lilijengwa baadaye, kati ya 1910 na 1914, wakati Wajerumani wakitawala.

Mtu mmoja wa Misheni ile ambaye mimi namdai shukrani ni Padre Charles Sacleux. Alifika pwani hii 1879, akakaa kati ya Unguja na Bagamoyo karibu miaka ishirini, na alikuwa na magonjwa mawili kwa pamoja: ugonjwa wa maneno na ugonjwa wa mimea. Alikusanya mimea akaikausha na kuipeleka Paris, na ipo jenasi nzima iliyoitwa Sacleuxia kwa heshima yake. Lakini pia aliwauliza watu mmea huu mnauitaje, na wa kule Mrima wanauitaje, na wa visiwani je. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ilitoka 1939, akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi, na imejaa majina ya mimea kama watu wenyewe walivyoyatamka. Mimi nauza mimea kwa majina ya kubuni. Mteja anakuja anasema nataka lile ua la kizungu la dirishani, lenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, alilonunua duka kubwa kwa bei ya mbuzi. Ua hilo ni la Usambara. Mjerumani aliyekuwa mtawala Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892, likawekwa jina lake, likazagaa kwenye madirisha ya Ulaya nzima, na sasa linarudi kwetu limefungwa karatasi inayong'aa.

Ukitaka kumpata Mwingereza halisi wa zama za Victoria mwenye bustani, itabidi uvuke bahari. Huyo ni Dakta John Kirk, aliyekuwa na Livingstone safari ya Zambezi, kisha akawa balozi mdogo wa Uingereza Unguja hadi miaka ya 1880. Alijenga nyumba Mbweni, ile ya Unguja na si hii yetu ya Dar es Salaam kule Kinondoni, akaizungushia mimea kutoka pande zote za dunia, huku akiandikiana na bustani ya Kew huko London. Mbungo mmojawapo wa kutoa mpira, Landolphia kirkii, una jina lake. Hata kima punju wa Jozani wana jina lake kwenye vitabu vya sayansi. Alipoondoka, nyumba ikanunuliwa na Bi Caroline Thackeray, mkuu wa shule ya wasichana waliokombolewa. Na Wajerumani nao walipojiweka Dar es Salaam walianzisha bustani ya mimea mwaka 1893, ile iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, kwa ajili ya kujaribu mazao ya biashara. Mwaka huohuo Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Ilifika mizima 62 tu. Kutokana na hiyo 62, ikapandwa Pangani, ukazaliwa mkonge wote wa nchi hii. Mimi nikipoteza miche thelathini njiani huwa nalia, nimejifunza kunyamaza.

Ulinganisho mmoja ulinikaa kichwani tulipokuwa tunarudi chini ya miembe. Kirk ana mbungo na kima. Sacleux ana jenasi. Bibi Chevalier ana mnyororo. Saint Paul ana ua la dirishani. Waliobeba zile ndoo elfu tano hawana hata kibao cha mbao. Nilimuuliza kijana mwongozaji kama anajua jina la mmoja wao, mmoja tu. Alikuwa kijana mwerevu, amejibu maswali yangu yote hadi hapo. Akafikiri. "Hilo, mama, sijawahi kuulizwa."

Mama mdogo ndiye aliyenijibu nusu, tena ndani ya daladala, akimenya karanga. Jirani yao Dunda, bibi mmoja aliyekufa miaka mingi, alikuwa wa ukoo wa Misheni. Alikuwa akipita chini ya miembe ile anagusa shina moja, la tatu au la nne kutoka mwanzo wa njia, kila akipita. Akiulizwa, husema huu ni wa bibi yake. Watoto walimwona mwehu, kwa sababu miembe ni ya Misheni, itakuwaje ya bibi yake?

"Ni upande gani, mama? Kulia au kushoto?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa natazama maembe."

Mteja wa Mapinga alinipigia wiki iliyofuata. Miashoki mitatu imekauka. Nikamuuliza nani anamwagilia, akasema kijana yuko, ila hajui vizuri anaitwa nani.

Bagamoyo si mbali. Gari ziko stendi ya Makumbusho, Dar es Salaam, na ukiwahi alfajiri utafika kabla jua halijawa kali. Nenda katikati ya wiki, Jumapili ni ya waumini. Shuka mwanzo wa njia, utembee. Mnyororo wa mbuyu utazame usiutikise, umebaki kidogo. Na ninyi ambao bibi au babu yenu alitoka katika kijiji kile cha waliokombolewa, au alitoka humo kwenda Mhonda, Mandera, Morogoro au Kilema, muulizeni mwenye umri mkubwa kwenu wakati bado anasikia: nani alipanda, nani alichota maji, mti upi. Likipatikana jina hata moja, liandikeni kwenye karatasi mpeleke pale makumbusho ya Misheni. Kibao nitatoa mimi.